Sigara Nayo Haijaniacha

Nilianza kuvuta sigara kwa sababu ya miguu. Sikuwa na huzuni, sikuwa na rafiki mbaya wa kunifundisha, wala sikuiga mtu. Nilikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli moja ya Deira, Dubai, na katika hoteli ile mapumziko ya katikati ya zamu hayakuwepo ila kwa wanaovuta. Anayevuta alimwambia msimamizi, "Sir, fegi," akashuka ngazi za nyuma, akakaa juu ya kreti ya soda mpaka sigara iishe. Asiyevuta hakuwa na sababu ya kushuka, kwa hiyo aliendelea kutandika. Siku nilipomwambia sir kwamba nami ningependa kukaa kidogo, aliniuliza kwa mshangao wa kweli kabisa, "Kukaa ufanye nini?"

Basi nikajifunza, kama nilivyojifunza kila kitu maishani, peke yangu na kwa bidii iliyopita kiasi. Shule niliishia kidato cha pili, huko kwetu upande wa Nyandarua. Kiingereza nilikiokota redioni, kompyuta nikaiokota saibakafe, na namna ya kukunja pembe ya shuka ikae kama bahasha nikaiokota kwa kutandua vitanda vilivyotandikwa na wenzangu ili nione walivyofanya. Sigara nayo niliifanyia mazoezi. Nilikohoa chooni, mlango nimeufunga, mpaka nikaweza kushuka zile ngazi na kuvuta bila kujiaibisha. Nilitaka niivute vizuri. Hiyo ndiyo ila yangu, hata kitu kibaya nataka nikifanye vizuri.

Mlango wa nyuma ulilindwa na Mkenya mwenzangu, kijana wa Nakuru asiyenyamaza. Siku ya kwanza aliponiona na sigara aliniangalia kutoka viatuni hadi kwenye kitambaa cha kichwa.

"Sista, hata wewe? Na vile unakaa mtu wa kwaya."

"Nataka tu kukaa chini."

"Aah, sawa. Hapa watu wote walianza hivyo. Hiyo kreti imeharibu watu kuliko baa."

Niliona anatania. Haikuchukua muda nikawa navuta hata siku za mapumziko, nikiwa nimekaa tayari.

Mwaka uliofuata hoteli ikaanza kubadilisha ghorofa, moja baada ya nyingine, kuwa za wasiovuta. Ndio wakati ambao maduka makubwa nayo yalikuwa yakibandika vibandiko vya katazo kila nguzo. Tuliondoa visahani vya majivu vyumbani, na mimi nikachaguliwa kuondoa harufu. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Niliosha kuta kwa siki, nikapangusa dari mpaka rangi ya njano ikaja kwenye kitambaa kama chai iliyomwagika, nikaacha mabakuli ya kahawa iliyosagwa ndani ya makabati. Sir aliingia, akavuta pumzi puani, akasema, "Perfect." Neno hilo nililibeba kifuani siku nzima. Halafu nilishuka nikavuta.

Nilikaa Al Baraha, katika fleti kuukuu iliyogawanywa kwa mbao ikawa vijichumba vingi. Vijichumba hivyo tuliviita patisheni. Katika changu nilikaa na mwanamke wa Unguja mwenye umri wa mama yangu, aliyekuwa akipiga pasi katika duka la dobi mtaa wa pili. Fleti nzima ilimwita Mamkubwa. Yeye alilala kitanda cha chini, mimi cha juu. Mbao ilikuwa imepita katikati ya dirisha, kwa hiyo sisi tulikuwa na nusu ya dirisha na majirani nusu yao.

Katika nusu yetu ndimo nilimovutia. Mamkubwa hakunikataza. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa moshi, maana kila Ijumaa alipotoka kuoga aliwasha kaa kwenye chetezo chake cha udongo chenye mdomo uliomeguka, akatia udi, akafukiza nguo, shuka, nywele, mpaka tukawa hatuonani. Akimaliza kujifukiza yeye, ananiita.

"Njoo nawe, mwanangu, upate harufu ya watu."

"Mimi sinuki watu?"

"Wewe wanuka kituo cha basi."

Nilisimama juu ya chetezo na sketi yangu nikiishikilia kama mwavuli, yeye akicheka. Kwetu hatufukizi nguo. Lakini kuna Ijumaa nyingi ambazo kitu pekee kilichonifanya nijione nina mama katika mji ule ni ule udi. Kisha alikaa kitandani na kahawa yake, mimi nikakaa dirishani na sigara yangu, na moshi wake na wangu ukatoka kwa nusu ile ile ya dirisha.

Ilikuwa Ijumaa kama hizo, mchana, joto la nje likigonga kioo, alipoweka kikombe chini akashika godoro kwa mikono yote miwili. Nilidhani ameungua. Kisha nikasikia kifua chake kikipiga mluzi, mluzi mwembamba kama wa birika lililo mbali. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Niliizima sigara ndani ya kahawa yake, jambo ambalo mpaka leo sijui kwa nini ndilo ninalolikumbuka kwa uwazi zaidi, nikamshika mkono tukateremka kutafuta teksi.

Daktari wa kliniki alikuwa mzee mpole aliyesema Kiingereza cha haraka, nami nikawa mkalimani. Baada ya kumpa hewa ya dawa kwa kifuniko cha mdomoni, alisema maneno ambayo nilitamani nisiyaelewe.

"Anasema ni pumu," nikamfasiria Mamkubwa. "Anasema usikae penye moshi. Moshi wa aina yoyote."

"Mwulize, hata udi?"

Nilitafuta neno la Kiingereza nikalikosa, nikasema tu "udi". Daktari akalielewa, maana kwa Waarabu ni karibu neno lile lile. Akatikisa kichwa. "Oud pia. Na sigara zaidi. Kuna anayevuta nyumbani?"

Mamkubwa hakujua Kiingereza, lakini neno la sigara halikuhitaji mkalimani. Alinitazama kuona nitajibu nini.

"Yupo," nikasema. "Mimi."

Daktari alinikazia macho kidogo tu, akaandika dawa. Ilikuwa ile ya kupuliza mdomoni, dawa ya kuvuta. Mamkubwa aliigeuza geuza kiganjani, akaivuta mara ya kwanza kama nilivyomwelekeza, akacheka kwa sauti iliyokatika.

"Haya. Sasa sote twavuta."

Kwenye teksi, tukikaribia Al Baraha, alisema, "Udi, khalas." Hivyo tu, bila kuapa na bila kungoja mwezi uishe. Tulipofika alikifuta chetezo, akakifunga ndani ya kanga, akakitia katika sanduku lake chini ya kitanda. Udi uliobaki alimpelekea jirani. Halafu akakaa, mikono mapajani.

"Na wewe?"

"Mimi nitawachana na sigara. Kabisa."

"Utafanya nini?"

"Nitawachana nayo."

"Kwanza si kuwachana, ni kuachana. Pili, kuachana ni kwa wawili." Aliinua vidole viwili. "Mtu na mumewe huachana, kila mmoja kamchoka mwenzake. Wewe utaiacha sigara, nimekubali. Nayo sigara ishakwambia yakuacha?"

"Haiongei, Mamkubwa."

"Haiongei! Na asubuhi ikuamshapo kabla ya adhana, ni nani aongeaye?"

Tulicheka. Nilijua kinachosubiriwa. Kama sitaacha, yeye hawezi kukaa mle, na kama hawezi kukaa mle, nitabaki peke yangu na ile nusu ya dirisha. Nilijiambia haitafika huko. Mwanamke aliyekuwa akijifukiza tangu utotoni aliacha kati ya kliniki na nyumbani. Mimi niliyeitwa perfect na sir nitashindwa?

Nilianza na la ndani. Usivute ndani kwanza, nilijiambia, kisha utaacha kwa utaratibu. Nikawa nashuka hadi nyuma ya jengo, penye mitungi ya gesi ya mkahawa. Lakini mwanamke aliyesimama peke yake na sigara katika uchochoro wa Al Baraha haachwi asimame. Wanaume waliotoka kazini walinipita wakirudi nyuma kutazama tena. Gari lilipunguza mwendo, kioo kikashuka, mtu akaniuliza jambo nisilotaka kuliandika hapa. Nikahamia juu ya paa, katikati ya madishi ya televisheni, na huko nilikuwa na raha mpaka mlinzi wa jengo, mzee wa Peshawar, aliponikuta.

"Sista, khalas. Juu kumefungwa. Mwenye jengo hataki."

Akatia kufuli.

Kwa hiyo nikarudi ndani. Si patishenini kwetu. Bafuni, ambamo fleti nzima ilioga. Nilisimama juu ya ukingo wa choo nikapuliza moshi moja kwa moja kwenye feni ya ukutani, kisha nikapangusa ukuta kwa siki na kumwaga kahawa kwenye bomba. Nilifanya kazi ile kwa ustadi kuliko nilivyoifanya hotelini. Hakuna mtu ambaye angesikia harufu bafuni. Ila sikuwa nimechunguza feni inatoa hewa wapi. Ilitoa kwenye kishimo cha hewa cha katikati ya jengo, na kishimo hicho kilipanda mpaka kando ya nusu ya dirisha letu.

"Bafuni mna mtu achoma mpira," Mamkubwa alisema jioni moja, akitazama dari, si mimi. Alivuta dawa yake. "Masikini. Labda ana shida."

Baada ya hapo sikuvuta tena ndani ya jengo lile. Nalisema hili kwa sababu ni kitu pekee katika habari hii nilichofanikiwa. Kuvuta ndani niliacha. Nilivuta kazini kwenye kreti, nilivuta kituoni nikingoja basi la hoteli, nilivuta nikizunguka msikiti kwa mwendo wa mtu anayekwenda mahali, ili pasiwe na wa kuniuliza lolote. Lakini kuacha sigara yenyewe lilikuwa jambo lingine, na hapo ndipo tabia yangu iliponimaliza.

Mimi siwezi kuanza kitu katikati. Nilitaka kuacha siku ya kwanza ya mwezi, na mwezi ukianza Jumatano nikaona ni afadhali Jumamosi, wiki ikianza. Nilitaka siku ianze safi. Nikiamka na nisivute mpaka mchana, nilijiona mtakatifu. Kisha mgeni ananifokea kwa sababu ya taulo, nashuka, navuta moja, na hiyo moja ikishazimwa siku nzima imechafuka. Na siku ikishachafuka, mantiki yangu ilikuwa ile ya shuka yenye doa, haipanguswi, inavuliwa yote. Basi nilimaliza pakiti ili kesho ianze safi.

"Sista, si uliwachana na fegi?" mlinzi wa Nakuru aliniuliza.

"Nimeacha. Naanza kesho."

"Kuanza kuwacha ama kuanza kuvuta? Maanake naona kila siku una ufunguzi."

Alinipa kiberiti. Sikumchukia. Nilijichukia mimi, na kujichukia kulihitaji sigara.

Ramadhani ilipokaribia niliona mlango. Mchana wa Ramadhani hakuna anayekula wala kuvuta barabarani Dubai, awe wa dini gani. Hata kreti ya nyuma iliondolewa. Nilimwambia Mamkubwa kwamba nitafunga naye.

"Wewe? Mtu wa kanisa?"

"Nitafunga kwa ajili ya sigara."

Alifikiri sana. Kisha uso ukamfunguka. "Mungu hana habari na sababu, muradi umefunga. Nitakuamsha daku."

Aliniamsha kweli, na jioni alipotoka kwa dobi alipika kwa jiko la fleti kana kwamba ana nyumba ya watu, uji wa pilipili manga, tambi, kaimati alizozamisha kwenye shira na kunizuia nisizile kabla ya wakati. Wenzetu wa patisheni nyingine walichungulia wakasema tumekuwa familia. Niliona fahari. Siku nzima nilivumilia, nikitandika shuka moja baada ya nyingine, ulimi umekauka, na nilipovumilia nilihisi kitu nilichokuwa nikikitafuta maisha yangu yote, siku isiyo na doa.

Lakini adhana ya magharibi iliposikika, mkono wangu haukwenda kwenye tende. Nilisema nimesahau kitu chini, nikateremka ngazi mbili mbili, nikawasha. Moshi ule wa kwanza juu ya tumbo tupu ulinilaza ukutani karibu na mitungi ya gesi. Niliporudi Mamkubwa alikuwa ameshika kikombe cha uji, hajanywa. Alikuwa akiningoja.

"Mwanangu," alisema taratibu. "Mimi nafungua kwa tende. Wewe wafungua kwa moto."

Sikula. Nililia juu ya uji, naye akanipangusa uso kwa ncha ya mtandio wake, akasema uji ukipoa si uji tena, kunywa. Tangu jioni ile nilikaa, sikuteremka. Magharibi ikilia nilimshika mkono, kwa kweli kabisa nilimshika kama mtoto anayevushwa barabara, mpaka nimeze tende na hamu ipite. Ramadhani ilipokuwa inaishia nilikuwa sivuti. Sivuti asubuhi, sivuti jioni. Sikuthubutu kulisema kwa sauti.

Siku ya Idi alialikwa Al Twar, kwa familia ya Kizanzibari ya zamani, watu waliokuja huko kabla ya majengo marefu, na akaenda nami. Alivaa gauni jipya na baibui lililopigwa pasi vizuri kuliko pasi zote alizowahi kuwapigia wateja. Alipokuwa akivaa aliniambia, "Idi ya kwanza tangu nizaliwe kuvaa nguo bila udi. N'najiona kama nimesahau viatu." Nikamwambia ananukia sabuni. Alifurahi kidogo.

Tulikula mpaka tukashindwa. Mwisho, kabla ya wageni kuondoka, bibi mwenye nyumba akaleta chetezo kikubwa cha shaba kikafuka, kikapita kwa kila mwanamke. Kila mmoja alikiweka chini ya baibui kidogo, akakipitisha kwa jirani. Kilipomfikia Mamkubwa alijifunika pua kwa mtandio akakisukuma mbele.

"Mie nisameheni, yakhe. Kifua."

Mama aliyekaa ubavuni mwake alimwinamia, akamnusa bega, akarudi nyuma.

"Kifua au fegi? Mbona wanuka kama baraza la wanaume?"

Chumba kizima kikacheka. Kilikuwa kicheko cha Idi, hakikuwa na ubaya. Mamkubwa naye akacheka. "Ndiyo ughaibuni huo," alisema. "Mtu hujifunza mambo."

Nilikiinua kipande cha baibui lake kilichokuwa kando yangu nikakinusa. Sikusikia chochote. Mimi niliyetegemewa na hoteli nzima kunusa vyumba, sikusikia chochote. Pua yangu ilikuwa imekufa siku nyingi na sikujua. Sweta langu la kazini, kitambaa changu cha kichwa, nywele zangu, vyote vilikuwa vimelala kabati moja na gauni lile jipya. Nilidhani moshi nimeuacha nje. Kumbe nilikuwa nikiuvaa na kuupandisha ngazini kila siku.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye ninayevuta. Tunakaa chumba kimoja."

Wakanitazama. Niliona wanavyoniona, binti mwembamba, kola imepigwa pasi, magoti pamoja. Bibi mwenye nyumba akanipapasa shavu.

"Masha'Allah. Mtoto ana adabu. Amsitiri mama yake."

Wakacheka tena, na habari ikapita. Mamkubwa hakuniangalia. Alikuwa akichezea pindo la mtandio, na mluzi wa kifuani ulikuwa umeanza, mwembamba, ambao mimi peke yangu niliusikia.

Kwenye teksi hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Aliongea juu ya biriani, kwamba mchele ulipita kiasi. Tulipofika alilivua lile gauni akalitundika dirishani, lipate hewa. Niliteremka kununua pakiti. Sikujitetea hata moyoni. Doa lilikuwa limeingia, na mimi nilijua kufanya jambo moja tu na doa.

Baada ya hapo sikuwa na siku safi tena. Nilifua kila kitu cha kabati kwa siki, nguo zangu nikazitia kwenye mifuko ya plastiki, nikanyoa nywele karibu zote. Mlinzi wa Nakuru aliniuliza kama nimeingia jeshi. Nikikaribia nyumbani nilivua sweta nikaliacha ngazini, likaibwa. Nilivuta na kujisugua, nikavuta na kujisugua, mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Mamkubwa alizidi kuvuta dawa yake. Ilipoingia baridi ile ndogo ya Dubai, mvuke wa pasi nao ukawa unamwumiza, akawa anapumua usingizini kama anayepanda kilima, nami kitanda cha juu nikihesabu makosa yangu badala ya kulala.

Alasiri moja nilimkuta anafunga sanduku, jua limejaa ile nusu ya dirisha.

"Nimepata kazi Al Twar," alisema. "Ya kulala huko huko. Madamu ataka mpishi."

"Ni kwa sababu yangu?"

"Ni kwa sababu ya kifua changu."

"Nimeacha, Mamkubwa. Haki ya Mungu nimeacha, tangu jana."

Alisimama na kanga mkononi, akaninyooshea kiganja. "Lete mkoba nitazame."

"Mkobani hamna kitu."

"Wapi basi?"

"Nimeiacha kazini. Kwenye loka ya nguo."

Hapo ndipo nilipolisikia neno nililolisema mwenyewe. Yeye alianza kucheka. "Umeiacha kazini! Kweli mtoto umeacha, hukusema uongo." Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akakaa, nami nikampa dawa yake na kumshikia mgongo, nikihisi mbavu zake zikifanya kazi chini ya kiganja changu. Alipopata pumzi alinishika kidevu.

"Usinililie. Wewe hukunifukuza."

Nilijua ni huruma. Nilimbebea sanduku hadi chini. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyotarajia, na sikujiuliza kwa nini mpaka niliporudi juu na kuona, dirishani, chetezo cha udongo chenye mdomo uliomeguka. Kimefutwa. Hakina hata chembe ya jivu.

Nilikaa nacho siku nyingi nikishindwa kukielewa. Kama alikiacha, basi alikisahau, au hakihitaji tena, na hiyo ni huzuni yake. Kama aliniachia, basi ni zawadi, na sijui nimeistahili kwa lipi. Herufi chache tu katikati ya maneno hayo mawili, na mimi sikuweza kulala kwa sababu yake. Mwishowe nilimpigia simu, nikiwa nyuma ya jengo penye mitungi ya gesi.

"Mamkubwa, kile chetezo. Ulikiacha, au uliniachia?"

Nilimsikia akivuta pumzi. Nyuma yake kulikuwa na sauti za vyombo na mwanamke akiita kwa Kiarabu.

"Huku madamu afukiza asubuhi na jioni," alisema. "Nyumba nzima. Nami jikoni nimefunga mlango, nimetia taulo chini yake. Hata huku moshi wanifuata." Mluzi ukasikika hadi kwangu. "Hebu niambie. Sigara je, umeiacha?"

Nilikuwa nayo mkononi. Imewaka.

"Mimi nimeiacha," nikasema.

"Nayo?"

"Yenyewe bado."

Alicheka, kile kicheko cha kukatika, na kabla hakijaisha mtu akampigia kelele aharakishe, "Yalla, yalla," na simu ikakatika. Sikupata jibu la chetezo. Nilivuta mpaka kwenye kichungi, nikapanda juu, nikakipangusa vumbi kwa kitambaa chenye siki, nikakirudisha dirishani. Patisheni ilikuwa safi kama ghorofa ya wasiovuta. Sir angeingia, akavuta pumzi puani, akasema lile neno lake. Kitanda cha chini nilikuwa nimekitandika, pembe zimekaa kama bahasha, na hapakuwa na wa kukilalia.